Juisi ya Mwenye Nyumba

Kwanza ieleweke kwamba kifuniko sikukikaza mimi. Nalisema hili mapema kwa sababu mke wangu kila akikisimulia kisa hiki huanza na "siku baba watoto alipolipua sebule", na wageni hucheka kabla sijapata nafasi ya kujitetea.

Chanzo kilikuwa miche yangu ya nyanya, iliyodumaa kana kwamba imegoma. Nikashauriwa niinyweshe bakteria wa asidi ya laktiki, wale wanaochachusha maziwa, wa kutengeneza mwenyewe. Wala si uchawi. Unaosha mchele, yale maji meupe ya mwanzo huyamwagi. Unayatia kwenye mtungi wa kioo, unaacha nafasi juu, unafunika kwa kitambaa chepesi hewa ipite, unauweka kivulini. Wanga uliomo ndio chakula, na walaji wako tayari, wengine kwenye punje za mchele, wengine hewani. Hutumi mwaliko. Baada ya siku chache, kama kuna joto, maji yananukia uchachu wa mbali na yamejigawa: juu utando, chini wanga uliotuama, katikati maji ya ukunguukungu. Unayataka hayo ya katikati tu. Unayanyonya kwa bomba la sindano, unayachanganya na maziwa, sehemu moja ya maji kwa kumi za maziwa.

Maziwa ndiyo yanayofanya usaili. Maji ya mchele yana kila aina ya vijidudu, lakini sukari ya maziwa wengi wao hawaiwezi. Bakteria wetu wanaiweza, wanaigeuza asidi, na asidi hiyo inawatimua waombaji wengine wa kazi. Siku kadhaa baadaye mgando unaelea juu kama godoro, chini yamebaki majimaji ya manjano. Hayo ndiyo mali yenyewe. Njia hii ya mchele na maziwa imeenezwa na Cho Han-kyu wa Korea Kusini, na asidi yenyewe ilitengwa kwenye maziwa yaliyochacha mwaka 1780 na mkemia wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele. Mwaka 1857 Louis Pasteur akaeleza kwamba uchachu huo ni kazi ya viumbe hai. Nayajua yote haya kwa sababu nilikuwa nikimsomea mke wangu usiku kitandani, mpaka akahamia chumba cha watoto.

Kutoka huko chumbani alikohamia ndiko lilikotoka na agizo kwamba majimaji yangu yasionekane kwenye friji. Sasa, nje ya friji hayakai hivihivi. Inabidi uyachanganye na molasi au sukari ya kahawia, uzito kwa uzito, ili utamu uwe mzito kiasi cha kuwalaza humo ndani. Mimi niliweka molasi iliyokuwa imebaki kwenye kopo, ambayo ilikuwa pungufu ya hapo, lakini hilo halihusiani kabisa na yaliyotokea na naomba lisiingizwe kwenye kesi. Utamu ukipungua, hamira za hewani zilizojipenyeza zinaendelea kula, na zikila zinatoa gesi. Ndiyo maana chupa unailegeza kifuniko. Nililegeza. Nikabandika na karatasi: USIKAZE.

Kisha akaja shangazi.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, hapatani na kitu chochote kilicholegea: mlango, mkanda, wala mtoto. Miwani ya kusomea anayo, ila huivaa kanisani tu. Asubuhi ya kwanza aliamka kabla yetu, akapanga jikoni upya, na chupa yangu akaikuta juu ya kaunta ikiwa wazi nusu, ina kitu cha rangi ya hudhurungi, kitamukitamu kwa harufu. Akahitimisha kwamba ni juisi inayoharibika kwa uzembe wa vijana. Akakikaza kifuniko. Na mkono wa shangazi ukikaza kitu, kimekazika. Akaifungia kwenye kabati la vyombo sebuleni, nyuma ya glasi za wageni, upande ule unaopigwa na jua mchana kutwa.

Mimi nilipoikosa nikajua mke wangu ameitupa. Nikanuna. Sikuuliza, kwa sababu mtu aliyenuna hauliz­i, anasubiri aulizwe. Kule kabatini mambo yakawa yanaendelea.

Mwenye nyumba alikuja mwisho wa wiki. Ujio wake ulikuwa na historia: tulilalamika muda mrefu kuhusu dari la sebule linalovuja, tukaandika barua, tukapiga simu, mwishowe akatengeneza bati na dari akalipaka rangi nyeupe pe. Siku hiyo alikuja kulitazama na, kwa jinsi alivyovaa shati jeupe la mikono mirefu, nadhani alikuja pia kushukuriwa. Akakaa chini yake kabisa, akawa analiangalia kama mtu anayeangalia picha ya mtoto wake.

"Karibu sana, mzee," nikasema. "Kwa kweli dari limependeza."

"Na lidumu hivyo," akanijibu. "Rangi si maji, kijana."

Shangazi akauliza mgeni ananyweshwa nini. Mke wangu akasema kuna maji. Shangazi akamtazama kwa huruma, akasimama, akafungua kabati.

"Maji! Na juisi mmeificha huku."

Aliposhika ile chupa niliitambua kwa karatasi yangu tu. Umbo lake lilikuwa limebadilika. Tumbo limevimba, mabega yamepanda, na kitako, ambacho kwa kawaida kina mashimo ya kuisimamisha, kilikuwa kimetokeza nje mviringo. Akaiweka mezani, ikaanguka. Akaisimamisha, ikaanguka tena.

"Shangazi, usiifungue," nikasema, taratibu, kwa sauti ya kumwambia mtu ana nyoka begani.

"Nisiifungue kwa nini? Mnamficha mgeni juisi?"

Hapo ndipo uonevu wote wa kisa hiki ulipo. Ningeweza kueleza ukweli, lakini niueleze vipi? Mbele ya mtu ambaye mkataba wake unakataza paka? Nikaichukua chupa kwa upole, nikaanza kukizungusha kifuniko kwa unywele mmoja mmoja, niitoe gesi kidogokidogo, namna inavyotakiwa. Kifuniko hakikusogea hata kidogo. Mikono ilikuwa inatoka jasho. Chupa yenyewe ilikuwa ngumu kama jiwe na ndani mapovu yalikuwa yanapanda kwa foleni.

Mwenye nyumba akacheka. "Vijana wa siku hizi hamna mikono. Lete hapa."

"Mzee, hii si juisi. Ni... ni bakteria."

"Bakteria?" Chupa alikuwa ameshaipokea. "Ndani ya nyumba yangu?" Na kwa hasira ya neno hilo, akakizungusha kifuniko mara moja, kwa nguvu zote za mtu anayemiliki mahali.

Mlio sikuusikia vizuri. Niliuona. Kifuniko kiligonga dari kikarudi, na nyuma yake ukapanda mnara wa povu la kahawia, ukalifikia dari jeupe pe, ukatandaa, ukatulia kidogo kama unaotafakari, kisha ukaanza kurudi chini tone moja moja juu ya upara, juu ya shati, juu ya glasi za wageni. Kwa mimea, kipimo ni sehemu moja kwa maji elfu moja, yaani kijiko cha chai kwenye lita tano. Mwenye nyumba aliupata ule mzigo bila hata tone la maji.

Hakuna aliyesema kitu. Harufu ikajitambulisha yenyewe: maziwa yaliyochacha, molasi, na ukali wa pombe kwa mbali. Mwenye nyumba akajifuta macho, akatazama juu.

"Mliniandikia kwamba dari linavuja kutoka juu," akasema. "Leo nimeshuhudia linavuja kutoka chini."

Shangazi akaonja kidole chake. "Imechacha," akatangaza. "Nilisema itaharibika."

Rangi mpya nimelipia mimi, pamoja na shati. Ua la kwenye chungu pale pembeni lilirukiwa na majimaji yaleyale yasiyozimuliwa, likaungua majani ya upande mmoja, kwa sababu asidi ni asidi hata ikiwa ya asili. Lakini kilichotuchosha ni sisimizi. Molasi haifutiki mara moja. Utafuta unachokiona, wao wanakijua usichokiona. Walipanda ukutani kwa mstari, wakapita juu ya dari kichwa chini, na kwa muda mrefu tuliweza kujua povu lilifika wapi kwa kuwafuata wao tu. Nyanya, kama kuna anayejali, zilipata kundi la pili nililolitengeneza uani, kwa molasi ya kutosha. Zimechangamka, ingawa nilizibadilishia na udongo, kwa hiyo sitaapa mbele ya mtu.

Shangazi alipokuwa anafunga mizigo aliniita pembeni. Alikuwa ameniona nikinyunyiza ile dawa, iliyozimuliwa, kwenye takataka za banda la kuku, na amenusa tofauti. Yeye ana kuku wengi, na majirani wanaongea. Akaomba chupa moja.

Nikamjazia nusu, nikampa maelekezo yote. "Na kifuniko, shangazi, kiache kimelegea. Umeona mwenyewe."

"Ndani ya begi langu? Juu ya nguo zangu za kanisani?" Akaishika chupa kwa upindo wa gauni ili isiteleze, akakikaza kifuniko mpaka kikalia, akaitumbukiza katikati ya mzigo. "Ile yako ililipuka kwa sababu uliilegeza mwanzoni, ikaingia hewa."

Basi lilikuwa la safari ya kutwa nzima, na jua la siku hiyo lilikuwa halina mchezo. Tukalipungia mkono mpaka likakata kona. Nikamuuliza mke wangu kama haingekuwa vyema kumpigia simu kondakta.

"Dari la basi," akanijibu, "si letu."