Gusinsky, NTV na gharama ya kumbeba Yeltsin

Wapo wanaomtaja tajiri wa Urusi Vladimir Gusinsky kama shujaa aliyeporwa kituo chake cha televisheni, NTV, kwa kusema ukweli, na wapo wanaomwona tajiri mjanja aliyekopa akashindwa kulipa. Pande zote mbili zina hoja, ila hazina uzito sawa.

Alisomea uongozaji wa tamthilia, akawahi kuendesha teksi, kisha akatajirika kupitia benki ya Most, iliyonufaika sana na ukaribu wake na meya wa Moscow, Yuri Luzhkov. Mwaka 1993 akaanzisha NTV. Vita vya Chechnya, jimbo lililotaka kujitenga na Urusi, vilipozuka Desemba 1994, serikali ilitoa taarifa za kutia moyo huku kamera za NTV zikionyesha maiti za wanajeshi wa Urusi katika mitaa ya Grozny, mji mkuu wa Chechnya. Mama mwenye mwana jeshini angeyaona wapi hayo? Kwa kazi hiyo pekee, kituo kile kinastahili heshima.

Kinachonisumbua ni mwaka 1996. Mkuu wa NTV, Igor Malashenko, aliingia katika timu ya kampeni ya Rais Boris Yeltsin bila kuachia kiti chake NTV. Yeye na wenzake walihofia Wakomunisti wa Gennady Zyuganov wasirudi madarakani, na hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Lakini Yeltsin alipata mshtuko wa moyo siku chache kabla ya duru ya pili, na wapiga kura hawakuambiwa. Baada ya ushindi, NTV ikapewa chaneli ya nne kwa saa zote, badala ya sehemu ya siku tu. Mwaka huohuo Gazprom, kampuni ya gesi iliyo chini ya mkono wa dola, ikanunua asilimia 30 ya hisa, na baadaye ikaidhamini mikopo ya Gusinsky ya mamia ya mamilioni ya dola. Kufika 1999, katika mbio za kumrithi Yeltsin, Gusinsky akaegemea kambi ya Luzhkov na waziri mkuu wa zamani Yevgeny Primakov. Aliyeshinda ni Vladimir Putin.

Watetezi wa Kremlin, yaani ikulu ya Urusi, husema deni ni deni. Sawa, na mdai ana haki ya kwenda mahakama ya biashara. Lakini tarehe 13 Juni 2000 Gusinsky alikamatwa na kuwekwa katika gereza la Butyrka kwa siku tatu. Julai akasaini kuiuzia Gazprom kampuni zake kwa dola milioni 300, na mkataba huo ukawa na Kiambatisho cha 6, kinachoahidi kwamba mashtaka ya jinai dhidi yake yatafutwa. Kiambatisho hicho kina sahihi ya waziri wa habari, Mikhail Lesin. Waziri wa serikali anatia sahihi kwenye mauzo ya hisa ambayo bei yake ni pamoja na uhuru wa muuzaji! Mashtaka yakafutwa kweli, Gusinsky akaondoka kwenda Hispania. Mwaka 2004 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba kuwekwa kwake ndani kulitumika kumshinikiza auze.

Kwangu mkosaji mkuu ni dola. Hata hivyo, kamba iliyomfunga Gusinsky, yaani fedha na dhamana za Gazprom, aliipokea mwenyewe kama zawadi ya kampeni. Waliolipa zaidi ni wanahabari. Aprili 14, 2001 watu wa Gazprom waliidhibiti NTV, na mwanahabari wake Yevgeny Kiselyov na wenzake wakahamia TV-6, kituo cha tajiri mwingine, Boris Berezovsky. Nayo ikafungwa Januari 2002, kwa sababu huko pia riziki yao ilitegemea tajiri mmoja na ugomvi wake na Kremlin.