Fundi Naye Aweke Dhamana

Shemeji yangu analala sebuleni kwangu, na siku hizi kapata kazi: kugonga skrini ya simu kwa kidole gumba mpaka usiku wa manane. "Shem, navuna pointi, zitageuzwa tokeni." Haya. Tokeni ninazozijua mimi ni za Luku, na zinayeyuka kwa sababu simu yake haibanduki kwenye chaji.

Juzi kanikalisha kitako anifundishe. Eti kwenye Bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, hakuna bosi. Wachimbaji, yaani wanaothibitisha miamala, wanashindana kwa mitambo yao. Anayewahi kufunga bloku, yaani fungu la miamala, analipwa, waliobaki wanaambulia bili ya umeme. Mwaka 2009 bloku moja ililipa bitcoin 50. Kila baada ya bloku 210,000, kama miaka minne hivi, malipo yanakatwa nusu, na tangu Aprili 2024 ni 3.125. Ujira umekatwa nusu mara nne, hakuna aliyegoma, watu wanaongeza mashine! Shem anasema bei ndiyo inayowafariji. Sawa, ila bosi wangu asiisikie habari hii.

Kilichonikuna ni Ethereum, mtandao mwingine wa sarafu hizo. Wao uchimbaji waliuacha Septemba 2022. Ukitaka kuthibitisha miamala unaweka dhamana, kuanzia ether 32 (ether ndiyo sarafu yao), ndipo ulipwe. Ukizima mashine, unakatwa kidogo kidogo. Ukitia sahihi bloku mbili zinazopingana, dhamana inafyekwa na wewe unatolewa nje. Hakuna cha "nisamehe mkubwa", hakuna cha "nilikuwa msibani".

Jamani, hiyo ije hapa mtaani hata leo, ianze na fundi wa kabati langu! Advansi kala tangu kabla ya Ramadhani, kila nikipita "vanishi haijakauka, boss". Majuzi nimemfuma anamwonyesha mama mmoja kabati hilohilo, mlango wenye kitasa nilichonunua mimi, anamwambia, "Mzigo wako huu hapa mama, kesho jioni." Kabati moja, wateja wawili! Kwa wenzetu hapo angeshafyekwa. Hapa aliyeweka dhamana ni mimi, na anayefyekwa ni mimi.

Nikamweleza mpango wote, dhamana, makato, kufukuzwa. Akanisikiliza kwa heshima, penseli sikioni, akitikisa kichwa kukubali. Nilipomaliza akasema, "Wazo zuri sana, boss. Sasa ongeza elfu hamsini ya bawaba tuanze nalo."