Namba ya dashibodi tunayoionea bure

Dereva mmoja wa teksi pale Kisumu alinisimulia, hasira yake ikiwa bado mbichi, jinsi gari lilivyomwacha njiani akipanda Kericho. Alipotoka mjini, skrini ndogo ya dashibodi ilimwambia ana mafuta ya kilomita 120. Hata Kapsoit, iliyo kabla ya Kericho, hakufika. Injini ilikohoa mara mbili ikazima, na skrini bado imeshikilia kwamba zimebaki 38. Akamlipa mtu wa boda amletee petroli kwa jerikeni. "Mwalimu," akaniambia, "hiyo kitu ilitoka Japani, na inadanganya kwa Kijapani."

Maneno kama hayo nimeyasikia kila stendi, kuanzia Kondele hadi Nakuru, na wanaoyasema si wajinga. Wana hoja, nitaifikia. Lakini kompyuta ya safari, ile inayoandika namba za mafuta na umbali kwenye skrini hiyo, naona imehukumiwa kwa kosa la namba moja, tena iliyo dhaifu kuliko zote ilizo nazo.

Namba hiyo ya kilomita zilizobaki hupatikana kwa kuzidisha vitu viwili: mafuta yaliyo kwenye tangi, na kilomita ambazo kila lita imekuwa ikikupa siku za karibuni. Mafuta ya tangini hupimwa kwa boya linaloelea, limeshikwa na mkono unaobadilisha umeme kadiri linavyopanda na kushuka. Boya halijui mlima. Gari likiinua pua, mafuta hukimbilia upande mmoja wa tangi, na boya husoma kile lilichokikuta pale lilipo. Tangi lenyewe lina mabonde na vichuguu, kwa hiyo nusu ya mshale si lazima iwe nusu ya petroli. Ndiyo maana mshale hukaa kwenye alama ya kujaa safari nzima, halafu unaporomoka kama mshahara tarehe tano.

Ile sehemu ya pili ndiyo iliyomponza rafiki yetu. Jana yake alikuwa ameshuka kutoka Kericho, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya bahari, hadi Kisumu iliyo kama mita 1,130. Ukiteremka hivyo mguu uko juu ya breki zaidi kuliko juu ya mafuta, na wastani unapanda hadi kilomita 20 kwa lita bila jasho. Asubuhi kompyuta ikachukua wastani huo mtamu, ikauzidisha na lita sita, ikatoa 120. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, ya safari ya jana. Gari halijui kwamba leo umegeuza uso kuelekea mlimani, ambako lita hiyohiyo itakupa kilomita tisa au kumi.

Sasa wazee wa kazi. Wao hujaza tangi hadi shingoni, huandika kilomita kwenye daftari, huendesha, hujaza tena, kisha hugawanya. Njia hii haina mpinzani kwa wastani, na huishinda kompyuta, ambayo mara nyingi hujipendelea kidogo. Kompyuta haipimi petroli kwa kuitazama. Hujumlisha muda ambao nozeli, yaani vitundu vinavyonyunyizia injini mafuta, zimefunguka na kukisia kiasi kilichopita. Nozeli zikiwa chafu, au fundi akikuwekea za gari lingine, makisio hupotoka. Umbali nao huhesabiwa kwa mizunguko ya magurudumu. Toa tairi za 185/70 R14 uweke 195/65 R15, jinsi wengi wanavyofanya ili gari lisigonge tumbo kwenye barabara za vijijini, na kila kilomita 100 za kweli zitaandikwa kama 97. Gari halijaongeza ulaji wa mafuta. Umelivalisha viatu virefu bila kuliambia.

Ila daftari lina ila yake: linakupa jibu baada ya wiki. Halikwambii ni kilima kipi kilichokula, wala ni dakika ngapi za msongamano zilizokula. Hapo ndipo namba ya papo kwa papo, kilomita kwa lita za sekunde hiyohiyo, ile inayorukaruka na ambayo hakuna anayeitazama, inapostahili heshima. Na mahali pa kuielewa ni mteremko wa Salgaa.

Kila anayeijua barabara ya Nakuru kwenda Eldoret anajua desturi ya kutoa gia. Dereva akifika kileleni anaweka nyutro, anaachia gari fri, akiamini anaokoa mafuta. Kwenye malori imekuwa kazi ndani ya kazi: mafuta yanayosalia yana wanunuzi njiani. Serikali imepiga vita tabia hii kwa misako na kwa faini. Barabara yenyewe ikatenganishwa pande mbili baada ya ajali za 2017, mojawapo ile ya Migaa alfajiri ya tarehe 31 Desemba iliyoua watu 36. Hotuba zote hizo husema: utakufa. Ni kweli, lakini dereva ameshateremka mara mia na hajafa. Sijasikia hotuba inayomwambia kwamba hata hayo mafuta haokoi.

Ukiwa ndani ya gia, ukaondoa mguu kwenye mafuta wakati gari linateremka, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Kompyuta ya injini huona hivyo na kufunga nozeli kabisa. Unachoma sifuri. Injini za dizeli, hata za zamani zenye pampu ya kawaida, nazo hubana mafuta hali ikiwa hiyo. Ukiweka nyutro, injini haina wa kuizungusha, kwa hiyo lazima inywe ili isizime. Injini ya lita moja na nusu ikisimama inanguruma hunywa takriban robo tatu ya lita kwa saa. Mteremko wa dakika kumi, hiyo ni thumuni ya lita.

Nilijaribu alfajiri moja kwenye mteremko mpole, barabara tupu, kwa sekunde chache tu (usirudie). Ndani ya gia namba ilipanda hadi 99.9 ikakwama hapo, maana ndiyo mwisho wa kipimo. Kwenye nyutro ikashuka hadi 65 hivi. Tazama mtego ulipo. Mtu aliyezoea kuona 14 akipanda Sachangwan, kwenye barabara hiyohiyo, ataona 65 na kushangilia, "Si unaona inasevu!" Hajui kwamba angeiacha gia mahali pake angekuwa anateremka bure. Na kuna magari ambayo kipimo huishia 40: hapo hali zote mbili huonekana sawa, na uongo wa fri unapata hati ya kusafiria.

Nikiri jambo moja. Kwenye mwinamo mdogo sana, gari lililo nyutro husonga mbali zaidi kwa sababu injini hailivuti nyuma, na hapo fri inaweza kuokoa kidogo. Lakini hakuna anayeacha fri kwenye mwinamo mdogo akajisifu. Husifiwa pale Salgaa, mahali ambapo ungekanyaga breki hata hivyo, na kila unapokanyaga unageuza mwendo ulioulipia kuwa joto la pedi.

Turudi kwa wanaoilaumu dashibodi, maana hoja yao nzito haiko kwenye mafuta. Iko kwenye joto. Mshale wa joto katika magari mengi ya kisasa umefungwa katikati kwa makusudi: maji yakiwa nyuzi 80 au 100, unakaa palepale, kwa kuwa wateja walisumbuka kila ulipotikisika. Ukianza kupanda, gasketi ya hedi huenda imeshaanza kulalamika. Magari madogo mengi hayana hata mshale, ni taa ya buluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikichemka, basi. Tena maji yakivuja yote, sensa hubaki inapima mvuke, na taa inaweza kuchelewa au isije kabisa. Taa ya oili vivyo hivyo haikuonyi kwamba oili inapungua. Huwaka presha ikishaanguka. Kwa haya sina utetezi. Anayepanda kutoka Awasi hadi Mau Summit, iliyo karibu mita 2,500 juu ya bahari, na gari kuukuu lililobeba watu saba, afadhali anunue kile kisomaji kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, kinachoonyesha nyuzi halisi kwenye simu.

Mshale wa spidi nao hudanganya, ila kwa ruhusa. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inakataza usome chini ya mwendo wa kweli, na inauruhusu uzidishe kwa asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Ukienda 80 za kweli unaweza kusoma hadi 92. Abiria wa matatu anayechungulia begani mwa dereva na kupiga kelele huenda anagombana na kanuni hiyo.

Nilipomaliza kumweleza yule dereva haya yote, hakujali nozeli wala boya. Aliuliza tu, "Sasa nijaze wapi?" Jaza Awasi, nikamwambia, kabla barabara haijaanza kuinuka. Na skrini ikikuandikia 120 asubuhi baada ya kushuka, ukiwa unarudi Kericho isome 60.