Kuhama Dar kwenda Mafinga: sio kila anayeondoka kashindwa maisha

Mwambie mtu unahama Dar unaenda kuishi Mafinga, mji mdogo wa Iringa, swali la kwanza atakuuliza "kwani kazi imeisha?" Akiona bado uko siriasi anashusha sauti, "au kuna mtu mmegombana?" Yaani vichwani mwetu mtu anatoka mjini kwa sababu mbili tu, kafukuzwa au kafilisika, ndo maana huu mjadala huwa unaisha kabla haujaanza. Mi naona wanaoondoka hawasikilizwi, ingawa na wao kuna vitu wanajidanganya, nitavifikia.

Mambo ya hewa safi na mboga fresh tuyaweke pembeni, hayo ni ya picha za status. Hoja yenyewe ni muda. Chukua mtu wa kawaida kabisa, anakaa Chanika pembezoni mwa Dar, anafanya kazi Posta katikati ya jiji. Saa kumi alfajiri yuko macho, asubuhi masaa mawili barabarani, jioni mawili mengine, na hapo sijaweka siku ya mvua. Masaa manne kwa siku, ishirini kwa wiki. Toa likizo na sikukuu, baki na wiki 48, inakuja masaa 960 kwa mwaka. Wengi wakipiga hii hesabu wanagawanya kwa 24 wanapata siku 40 halafu wanashangaa kidogo maisha yanaendelea. Sasa mi nasema wamejipunguzia, maana hakuna anayefanya kazi masaa 24, gawanya kwa 8 kama ofisini, unapata siku 120 za kazi, na wiki ya kazi ni siku tano, kwa hiyo ni wiki 24. Karibu nusu mwaka wa ajira ya pili, unaifanya umesimama umeshika bomba la daladala, haina mshahara, na nauli unatoa wewe!

Atatokea mtu aseme "mi nikipata siti nalala". Sawa, ukipata siti. Na wa Kimara watasema wana mabasi ya mwendokasi tangu 2016, kweli iliwasaidia, ila nenda kituoni saa moja asubuhi uone watu wanavyoingia kwenye lile basi. Sensa ya 2022 ilihesabu Dar watu 5,383,728 kati ya milioni 61.7 wa nchi nzima, na wote hao wanataka kuingia mjini asubuhi ile ile (natania, ila sio sana). Kinachoniuma zaidi ni wazazi, anatoka mtoto kalala anarudi mtoto kalala, wanaonana vizuri Jumapili.

Mafinga kazini unaenda kwa mguu au bodaboda dakika chache. Na sio kwamba pesa haipo. Kuna msitu wa Sao Hill, mbao na nguzo vinatoka pale kila siku, barabara kuu ya Mbeya inapita katikati na malori ya mpakani Tunduma hayalali. Kuna watu wana hela pale na hawana habari na Dar, wanakuja Kariakoo kufunga mzigo tu wanarudi zao kwenye baridi.

Haya, tuje kwa wanaojidanganya. Unafuu wa maisha unakuzwa sana. Viazi, mahindi, kuni, hivyo ni rahisi kweli, ila nyumba yenye choo ndani na maji ya uhakika ni chache na mwenye nyumba anajua wewe umetoka Dar. Vitu vya dukani vingi vimetoka Kariakoo, nauli ya kupandisha mzigo mlima wa Kitonga unailipa wewe. Halafu mzunguko unaenda na msimu, wakulima wakiuza duka linachangamka, wasipouza wateja wote wanataka kukopa na huwezi kukataa maana ni majirani na mmekutana msibani juzi.

Zito zaidi ni hospitali, hapa wanaobaki Dar wana haki kabisa. Muhimbili, Ocean Road ya saratani, taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete, vyote viko Dar. Homa na uzazi wa kawaida Mafinga unahudumiwa, ila ukiambiwa unahitaji tiba ya mionzi ya saratani, unaweza kujikuta unarudi kule kule ulikokimbia, safari ya kutwa nzima kwenye basi ukiwa mgonjwa, na huko utahitaji pa kulala wiki kadhaa. Mwenye mzazi au mtoto wa kliniki ya bingwa kila mwezi, mi nisingemshauri ahame, hata kama foleni inamuua.

Kuna na wale wa katikati, wanasema watakaa Morogoro wapande SGR, treni ilianza Juni 2024, nauli daraja la kawaida ikapangwa 13,000. Kwa mtu wa kwenda ofisini mara moja kwa wiki inalipa. Kila siku? 26,000 kwenda na kurudi mara siku 22 ni laki tano na 72 elfu, bora upange Sinza hapo hapo Dar.

Kwa hiyo swali sio mji upi mzuri, ni kipato chako kinakufuata au kinabaki. Fundi mzuri, mwalimu aliyepata uhamisho, mtu wa biashara ya mazao, hao nenda. Anayeenda "kufungua ka-butiki tuone", na mtaji ndo hela ya kiwanja cha Chanika anachotaka kuuza, huyo asubiri. Kiwanja asiuze. Apange kwanza huko, akae mpaka Juni na Julai zipite aonje ile baridi, akae na miezi ambayo wakulima hawajavuna aone daftari la madeni linavyojaa, hapo ndo aite mafundi wa msingi wa nyumba.