Louth walipewa ubingwa wa mezani, lakini Kerry hawakuogopa mtu

Kwenye orodha ya mabingwa wa mpira wa Kigaeli, mchezo wa Ayalandi unaochezwa kwa miguu na mikono, mwaka 1910 ni wa timu ya kaunti ya Louth. Fainali haikuchezwa. Kampuni ya reli ya Great Southern and Western iligoma kuwapunguzia nauli mashabiki wa wapinzani wao, kaunti ya Kerry, Kerry nao wakagoma kwenda Dublin, na GAA, chama kinachosimamia mchezo huo, kikaipa Louth taji.

Wanaowalaumu Kerry wana hoja. Fainali ni fainali. Ugomvi wa nauli ungeweza kumalizwa baadaye. Louth walinyimwa nafasi ya kulipigania taji lile uwanjani, na walikuwa timu kweli: mwaka 1912 walilitwaa kwa jasho lao.

Ila wanaodai Kerry walikwepa mechi wamtazame Dick Fitzgerald, kijana wa Killarney wa klabu ya Dr Crokes. Alikuwa na medali za 1903, 1904 na 1909, na hiyo ya 1909 waliipata kwa kuwafunga Louth haohao. Bingwa mtetezi amwogope vipi mtu aliyemfunga mwaka uliotangulia? Wachezaji hawa hawakulipwa hata senti. Walichokuwa nacho ni watu wao, na kutoka Killarney hadi Dublin ni kama kilomita 300. Kumtaka mkulima alipe nauli kamili ni kumwambia abaki nyumbani.

Halafu njoo 1913. GAA ilikuwa ikichangisha fedha za kumbukumbu ya Askofu Mkuu Croke, aliyekuwa mlezi wa chama hicho, ikaandaa mashindano, na Kerry na Louth wakakutana fainali. Sare. Mechi ya marudiano, Juni 29, ilijaza watu wapatao 35,000, na Kerry wakashinda chini ya nahodha Fitzgerald. Fedha za viingilio ndizo zilizokiwezesha chama kununua uwanja wa Jones' Road kwa pauni 3,500. Leo ni Croke Park. Hapo ndipo mimi huganda: shabiki yuleyule ambaye mwaka 1910 punguzo la nauli lilionekana kubwa mno kwake, miaka mitatu baadaye shilingi yake ndiyo iliyokipa chama makao. Kerry walijua thamani yake mapema kuliko wakubwa wa reli, na pengine kuliko viongozi wao wenyewe.

Fitzgerald aliongeza ubingwa wa 1913 na 1914, na mwaka huohuo wa 1914 akatoa kitabu cha kufundisha mchezo huo. Baada ya maasi ya Pasaka 1916, ya Waayalandi dhidi ya utawala wa Uingereza, Waingereza walimfungia kambi ya Frongoch, Wales, na huko pia akaongoza timu ya Kerry dhidi ya wafungwa wa Louth. Alikufa mwaka 1930 akiwa na medali tano. Ya sita ingewezekana kabisa, na kugoma kwao ndiko kulikomnyima hata nafasi ya kuiwania. Gharama hiyo wanaowaita waoga hawaitaji kamwe.