Vance, Newsom, Shapiro: 2028 nani ana mzigo unaobebeka?

Uchaguzi wa Marekani ni Novemba 2028 lakini majina yashaanza kutajwa kitambo, maana Trump keshachaguliwa mara mbili na marekebisho ya 22 ya katiba yao, yale ya 1951, hayaruhusu mtu kuchaguliwa mara ya tatu, hata kama mwenyewe hupenda kulichezea chezea hilo jambo mdomoni. Kiti kiko wazi pande zote mbili. Na nikisoma watu wanavyochambua naona wengi washampa JD Vance ushindi, eti ni makamu wa rais, kijana, bosi anamkubali, nani atamzuia? Hapo mi nasita kidogo. Kupata tiketi ya chama ni kitu kimoja, kushinda urais ni kingine, na kwa makamu aliye ofisini kile kinachompa tiketi ndo hicho hicho kinachomuangusha.

Mazuri yake kwanza, na yapo mengi. Kazaliwa 1984 Middletown, Ohio, mji wa kiwanda cha chuma, mama alikuwa na tatizo la madawa ya kulevya, kalelewa na bibi, akaenda jeshini Marines, Iraq akafika, akarudi akasoma sheria Yale. Ni historia ambayo mpiga kura wa Ohio au Michigan anaielewa bila kufafanuliwa. Mdomo anao, mahojiano magumu hayakimbii. Tena 2025 akapewa uenyekiti wa fedha wa kamati kuu ya Republican, yaani wanaochangia chama simu zao anazo yeye, na hiyo kwenye mchujo ni silaha kubwa kuliko hotuba mia.

Sasa mzigo. Watu hupenda kukumbushia kwamba 2016 alimponda Trump vibaya sana, mpaka kwenye ujumbe binafsi akamfananisha na Hitler, na ile kauli ya 2021 ya kuwabeza wanawake wasio na watoto wanaofuga paka. Mi hayo naona yamepoa. La kwanza Trump mwenyewe kalisamehe, la pili lilipigiwa kelele 2024 na bado wakashinda. Mzigo halisi upo kwenye tarehe 1 Julai 2025, Seneti imefungana 50 kwa 50 kwenye ule muswada mkubwa wa kodi na matumizi, na makamu wa rais ndo anayevunja sare, Vance akapiga kura yake ukapita. Watetezi wake watasema umepunguza kodi, umeondoa kodi kwenye bakshishi za wahudumu kwa kiwango fulani, sawa, ni kweli. Lakini umekata pia Medicaid, bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo, na ofisi ya bajeti ya bunge lao ilikadiria watu kama milioni 10 zaidi watakuwa hawana bima ifikapo 2034. Kuna maseneta 50 wanaoweza kusema mimi nilikuwa mmoja tu kati ya wengi. Yeye hawezi, kura iliyoamua ni yake, na waliolengwa ni watu wa aina ya Middletown.

Na hawezi kujitenga. Umakamu ni kama ukonda wa daladala, huwezi kuwaambia abiria dereva wetu anaendesha ovyo halafu kesho yake uombe wakupe usukani, watakuuliza ulikuwa wapi muda wote huo unapokea nauli. Ukimsifia dereva nao wale waliochubuka magoti wanakusubiri.

Angalia walivyoisha makamu waliotangulia. Nixon 1960, makamu wa Eisenhower kwa miaka minane, Agosti mwandishi akamuuliza mzee ataje wazo moja kubwa la Nixon alilowahi kulifanyia kazi, mzee akajibu mkinipa wiki moja labda nitalikumbuka. Watu wa Kennedy, mpinzani wake, wakalichukua wakalitia kwenye tangazo la tivii. Nixon akapigwa kwa kura chache mno. Humphrey 1968 vita ya Vietnam ilikuwa ya Johnson lakini akaibeba yeye, alikuja kuthubutu kusema atasimamisha mabomu tarehe 30 Septemba kule Salt Lake City, kura zikaanza kurudi, muda ukawa umeisha, akashindwa kwa chini ya asilimia moja. Gore 2000 alifanya kinyume, uchumi ulikuwa mzuri yeye akamkwepa Clinton kwa sababu ya skendo, akapoteza hata Tennessee kwao, na Florida ikaenda kwa kura 537. Halafu Kamala Harris, Oktoba 2024 kwenye kipindi cha The View, swali jepesi kabisa, ungefanya nini tofauti na Biden, akajibu hakuna kinachomjia akilini. Republican walilicheza hilo jibu mpaka siku ya kura. Ukiacha Bush baba wa 1988, ambaye alibebwa na Reagan aliyekuwa bado anapendwa, lazima urudi mpaka Van Buren 1836 kupata makamu aliye madarakani akachaguliwa moja kwa moja.

Kwa hiyo Vance kimsingi anategemea Trump atakavyokuwa anaonekana katikati ya 2028, na hilo haliko mikononi mwake. Marco Rubio, waziri wa mambo ya nje wa Trump, ndo anayetajwa kama mbadala, ana wasifu mnene, lugha ya Kispania, na huku kwetu tunamjua kwa mambo mawili, makubaliano ya Kongo na Rwanda yaliyosainiwa Washington Juni 2025 na kufungwa kwa USAID wiki iliyofuata, lakini mwenyewe keshasema Vance akigombea atamuunga mkono. Na mzigo wake ni uleule tu, serikali ileile.

Upande wa Democrats, Gavin Newsom, gavana wa California. Huyu mzigo wake ni wake mwenyewe. Novemba 2020 anawaambia wananchi msikusanyike kuna korona, picha zikatoka yuko mezani French Laundry, mgahawa wa bei mbaya kule Napa, kwenye birthday ya rafiki yake ambaye ni lobisti, barakoa hakuna. Reli ya mwendokasi wananchi waliipitisha 2008 kwa makadirio ya dola bilioni 33, leo ni zaidi ya 100 na treni hakuna (haikuanza kwake, ila kaisimamia tangu 2019). Watu wasio na makazi wanazidi laki moja na nusu. Mpinzani hahitaji kutunga chochote, anapeleka kamera mitaani tu.

Ila Newsom anaweza kujibu, na hapo ndo tofauti. 2021 walijaribu kumng'oa kwa kura, akabaki kwa karibu asilimia 62. Texas walipochora upya majimbo ya bunge kumsaidia Trump, yeye akaenda kwa wananchi Novemba 2025 na kuchora ya kwake, wakampa. Chama kilichochoka kupigwa kinapenda mtu wa hivyo. Tatizo ni kwamba kwao rais hupatikana kwa kura za wajumbe wa kila jimbo, na zile 54 za California zingekuja kwa Democrats hata wangemsimamisha mtu asiyejulikana, wanachotafuta ni Pennsylvania.

Ndo maana mi nalitazama zaidi jina la Josh Shapiro, gavana wa hukohuko Pennsylvania, kura 19, jimbo lililompa Trump 2016, Biden 2020, kisha Trump tena 2024. Juni 2023 lori la mafuta liliwaka chini ya barabara ya I-95 Philadelphia, daraja likaanguka, kila mtu akasema ni miezi, yeye akaamuru wajaze pale chini kokoto nyepesi za chupa zilizosagwa, kazi usiku na mchana huku kamera inaonyesha mubashara, siku 12 magari yakapita. Ukiweka hiyo pembeni ya reli ya California tangazo limejiandika lenyewe. Mzigo anao, msimamo wake kuhusu Israel na alivyowakemea waandamanaji wa vyuoni umewaudhi vijana wa mrengo wa kushoto, na kwenye mchujo wa Democrats wale ndo wanaojitolea kugonga milango kuomba kura. Pia nje ya kwao hajulikani sana, lakini Carter 1975 nani alikuwa anamjua?

Harris akirudi sio kichekesho kama wengi wanavyosema, maana Nixon naye alishindwa 1960 akashinda 1968 akiwa nje ya serikali. Ila itabidi kwanza awe na jibu la lile swali la The View, na akilijibu leo watamuuliza mbona hukusema siku ile.