Hati tunaikagua, nyumba je?

Wiki hii mkaguzi amepita kwenye nyumba tunayotaka kununua hapa Columbus, Ohio, na nimefurahi kuliko nilivyotegemea. Nimemlipa mimi mnunuzi, dola 450, kwa hiyo hana muuzaji wala dalali wa kumfurahisha. Amepanda juu ya paa, ameingia darini na tochi, amefunua meinswichi, amefungulia mabomba yote kwa mpigo aone presha inavyoshuka. Chini ya bafu la juu akaweka kifaa ukutani, kikalia: unyevu, nyuma ya rangi ambayo kwa macho ilikuwa safi kabisa. Jioni ripoti ikaja, kila kasoro na picha yake. Mkaguzi hapasui ukuta, na bomba la majitaka linataka kamera ya peke yake. Lakini mkataba wetu una kipengele cha ukaguzi: ndani ya siku tulizokubaliana naweza kudai matengenezo, kuomba bei ishuke, au kujitoa na amana niliyotanguliza ikarudi.

Najua yatakayosemwa. "Kaondoka juzi, leo anatufundisha kununua nyumba." Jamani, mimi ni mtoto wa Tabata. Mnunuzi wa Dar ni mwerevu, tena sana. Anafanya upekuzi wa hati, anaongea na mjumbe na mwenyekiti wa mtaa, anawauliza majirani mpaka uko wapi, anahakikisha mke wa muuzaji ameridhia. Huku wengi wasingeweza hata nusu ya hayo.

Ila tukisharidhika na karatasi, nyumba yenyewe tunaitazama dakika kumi! Rangi mpya, tailizi, geti, basi. Nani amepanda juu ya jipsamu kuangalia mchwa kwenye kenchi? Nani amefunua karo la majitaka? Nani ameuliza kwa nini ukuta mmoja tu wa sebule umepakwa rangi juzi, na Kigamboni nzima inajua chumvi inavyobandua plasta? Ghorofa la Kariakoo lilipoanguka Novemba 2024 ikaundwa tume ya kukagua majengo ya pale. Nyumba ya kawaida ya Goba inayouzwa leo, nani anaikagua?

Mwingine atasema sisi tunajenga wenyewe, kila tofali tunalijua. Kweli, na hilo najivunia, maana huku watu wanaishi miaka hawajui ndani ya kuta zao mna nini. Lakini aliyenunua hakuwepo msingi ulipochimbwa, wala hakuhesabu nondo.

Na msiniambie habari ya gharama. Hela ya dalali tunatoa bila kunung'unika. Fundi umeme, fundi bomba na fundi paa kwa nusu siku hawafiki hapo, mradi wawe wa kwako, wasiwe wa kuletwa na dalali. Kama unaifikiria nyumba bondeni, subiri masika, nenda mvua ikiwa inanyesha, na umuulize mpangaji wa jirani, siyo mwenye nyumba, maji huwa yanafika wapi.